Tupeane uzoefu: kupanga mwendo wa marathoni kwa sisi wa joto la Mombasa

Wenzangu, ratiba nyingi tunazopitishiana zimetungwa kwa watu wa Iten, mita 2,400 juu ya bahari, ambako asubuhi kuna baridi. Huku kwetu, kaskazi ikivuma, hata jua halijachomoza shati limelowa. Hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Mwendo ule ule, moyo wapiga zaidi. Mie naamini tupange kasi kwa pumzi kwanza, saa ya mkononi ifuate. Nyinyi mwafanyaje?

*Wa Kizingo:* Mbio ndefu natoka baada ya swala ya alfajiri, mizunguko ya Mama Ngina na Lighthouse pale ufukweni, ili kila nikipita nikute chupa yangu ya maji yenye chumvi kidogo na sukari. Mwanzoni nakimbia huku naweza kuzungumza. Kasi ya mashindano naiweka kilomita nane za mwisho, miguu ikiwa imeshachoka. Hapo ndipo marathoni yenyewe inapoanza, ndugu zangu.

*Wa Tudor:* Kweli kabisa, kaka. Mkenya Kelvin Kiptum alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni Chicago 2023 kwa saa 2:00:35, nusu ya kwanza alitumia dakika 60:48, ya pili 59:47. Mkenya mwenzake Eliud Kipchoge, Berlin 2022, alifanya kinyume, 59:51 kisha 61:18, na bado akaweka rekodi. Lakini joto la hapa halisamehe. 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa, uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele, aliyekuwa ameshinda miaka mitano mfululizo, aliacha mbio, nazo zilikuwa kilomita 12 tu! Tadese wa Eritrea akashinda.

*Wa Bamburi:* Dada yenu nawaongezea ufuo. Maji yakitoka, mchanga ulio karibu na bahari huwa mgumu, mzuri kwa mbio nyepesi. Ila umeinama, kwa hiyo nenda na urudi njia ile ile, goti moja lisibebe mzigo wote. Mazoezi ya kasi nayangoja kusi, kuanzia Mei, hali ikipoa.

*Wa Kizingo:* Dada, na wiki ya mashindano wapunguza vipi?

*Wa Bamburi:* Napunguza kilomita wiki mbili kabla, lakini vipande vifupi vya kasi ya mashindano siviachi.