Baba aendelee kutembea baada ya mshtuko wa moyo?

Kijana wa Arua
Habari zenu wanajukwaa. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, alipatwa na mshtuko wa moyo mapema mwaka huu, akatibiwa Kampala na kurudi nyumbani Arua na dawa zake. Daktari alimwagiza atembee kila siku, akiongeza mwendo taratibu, naye alitii mpaka baba zangu wadogo walipomkataza, wakidai kwamba moyo uliojeruhiwa hupumzishwa kama mfupa uliovunjika. Sasa anashinda kitini. Je, kutembea kunaisaidia mishipa yenyewe ya damu, na akiacha anapoteza nini?

Muuguzi, Mbale
Pole kwa ugonjwa wa mzee. Baba zako wadogo hawakuyatunga hayo, kwa maana zamani hata mahospitalini wagonjwa wa namna hiyo walilazwa kwa wiki nyingi, na baadhi yao wakadhurika kwa damu kuganda miguuni.

Ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, imefunikwa kwa ndani na tabaka moja jembamba la seli. Mtu anapotembea, damu hupita kwa wingi na kulisugua tabaka hilo, nalo hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza misuli ya mshipa ili upanuke na kuzuia chembe sahani za damu, zile zinazoifanya damu igande, zisigandamane. (Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo. Dawa ya nitrogliserini, ambayo wagonjwa wengi huiweka chini ya ulimi kifua kinapobana, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo.) Shinikizo la damu, kisukari, tumbaku na lehemu (kolesteroli) nyingi hulidhoofisha tabaka hilo, na mazoezi ni miongoni mwa vitu vichache vinavyolirudishia nguvu.

Msomaji wa Jinja
Niongezee kuhusu kuacha. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Circulation lilichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo. Waliofanya mazoezi kwa wiki 4, yawe ya kuongeza pumzi, ya kuinua uzito au yote mawili, mishipa ya mikono yao ilipanuka vizuri zaidi kuliko mwanzo. Walipoacha kwa mwezi mmoja, faida hiyo ilitoweka. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kuwaeleza wazee, kwamba mazoezi hayawekwi akiba.

Kijana wa Arua
Nashukuru sana. Je, apande kilima cha Arua kama alivyozoea?

Muuguzi, Mbale
Asianze na kilima. Kwa kuwa amekaa muda mrefu, achunguzwe kwanza katika hospitali ya rufaa hapo Arua, kisha aanze upya kwenye njia tambarare, asubuhi kabla ya jua kali, akisindikizwa na mtu. Kama anatumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kuhesabu mapigo kutawapotosha. Kipimo kinachofaa ni kwamba aweze kuzungumza anapotembea, ingawa asiweze kuimba. Kifua kikibana, akiishiwa pumzi kuliko kawaida au akihisi kizunguzungu, asimame mara moja, na maumivu yasipopoa baada ya dakika chache apelekwe hospitali bila kungoja kikao cha ukoo. Dawa zake asiziache, hata akijisikia amepona.