Uzi maalumu: Meli yako ya kwanza ya mbao ya kwenye boksi ilikuendeaje? Tupeane uzoefu

Fundi Sebuleni
Wakuu, habari za jioni. Leo napanga kabati nikakuta pakiti ya pini ndogo na wembe ulioganda kwenye kipande cha mti wa jozi, nikacheka peke yangu. Najua humu tupo tuliowahi kuagiza zile meli za kuunda mwenyewe. Yangu ilikuwa jahazi la Kiarabu, kipimo 1:60. Juu ya boksi picha inameremeta, ukifungua unakutana na rundo la fito na kijitabu cha Kihispania. Leteni visa, hasa pale mlipotaka kulitupa dirishani.

Mwana wa Kilwa
Kijitabu kina picha ya ubao ulionyooka, picha inayofuata umeshapinda. Hapo katikati ndipo ndoa zinapovunjika.

Dada Msasa
Tatizo huanza kabla ya hapo. Watu wanakimbilia kubandika mbao wakati mataruma, zile mbavu za meli, bado yana kingo kali za mashine. Yale ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma) lazima uyachonge mshazari ili ubao ulale wote, usikae kwenye ncha tu. Laza ubao mmoja bila gundi toka omo hadi tezi. Ukiona mwanga chini yake, rudi kwenye msasa, namba 120 kwanza kisha 240. Na ukianza kubandika, mmoja kushoto, mmoja kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Binamu yangu alimaliza upande mzima kwanza, mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, ukavutwa. Omo inaangalia Kigamboni, usukani unaangalia Ubungo.

Gundi Papo Hapo
Maneno mengi. Supa glu, bana sekunde 10, songa mbele.

Dada Msasa
Supa glu inaacha ukungu mweupe kwenye mbao, na ubao ukikaa vibaya ndiyo basi tena. Gundi nyeupe ya seremala inakupa muda wa kuusogeza.

Gundi Papo Hapo
Muda wa nini, umebandika pilau?

Baharia Muscat
Jamani, zote zina kazi yake. Gundi nyeupe kwenye taruma, tone moja la supa glu pale mwisho la kushikilia. Ukitaka kuibandua supa glu, tafuta dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye asetoni. Ya mkeo omba kwanza.

Mkwe wa Watu
Nilijiapiza hii sitaisimulia popote, ila mwenye uzi kataja pini.

Nilikuwa Tanga, nyumba ya vyumba viwili, watoto wadogo, kwa hiyo meli nilikuwa naificha uvunguni. Ilikuwa katika ile hatua mnayoijua: mkuku na mataruma vimesimama wazi, mbao chache za kwanza zimepita, na kila ubao nimeuchomeka pini kwenye kila taruma ili ushike hadi gundi ikauke. Pembeni kuna sufuria yenye mbao zinazolowa. Kuna donge la nta ya nyuki, na uzi mweusi nilioupaka nta usifanye manyoya. Usiku uliotangulia umeme ulikatika, kwa hiyo na mshumaa ulikuwepo, umeungua nusu.

Mama mkwe akaja kutoka Korogwe bila taarifa. Mimi kazini, mke wangu sokoni. Akainama uvunguni kutafuta mkeka.

Wakuu, hebu vaeni macho yake. Uvunguni mwa kitanda cha mwanawe kuna kiunzi cha mbavu kama cha samaki mkubwa, kimechomwa pini mwili mzima, kando yake uzi mweusi, nta, mshumaa na maji yenye rangi ya chai.

Nimerudi, uani kumejaa majirani. Meli imewekwa juu ya ungo katikati, hakuna anayeisogelea. Mzee wa dua ameshaitwa na ameshaanza. Mke wangu amejishika kiuno, ananitazama kama mtu anayekumbuka mambo ya miaka mingi kwa mpigo. Ninasema "ni meli", mama mkwe anasema "meli ya kumpeleka nani?"

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mvuvi jirani yetu. Alichuchumaa, akaigeuza, akasema: "Hii mashua. Lakini aliyepiga mbao hizi hajui kazi." Naitwa, nitarudi.

Mwana wa Kilwa
HUENDI POPOTE

Mama Zuhura
Nimecheka hadi mtoto kaamka. Rudi hapa, mkwe wa watu.

Shela Kaskazi
Huyo mzee nampa shikamoo yangu. Tusemezane ukweli: hiyo ya boksi si kuunda, ni kuunganisha. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha huku Lamu, wanaunda jahazi zima bila mchoro, jicho na kamba tu. Na hayo majahazi ya boksi, omo zimelala zote. Jahazi la Lamu omo yake imesimama wima, tena ina macho. Mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu, haukuwa hata na msumari, ulishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka.

Gundi Papo Hapo
Basi tuuzie boksi la mtepe na sindano.

Baharia Muscat
Shela, hakuna aliyesema ni jahazi la Lamu. Huku Ghuba omo iliyolala ni kawaida.

Shela Kaskazi
Ndiyo maana nikasema si letu. Uzi unasema uzoefu, nami nimetoa wangu: chukua mwembe, chonga.

Mama Zuhura
Mama mkwe alisemaje jamani? Mwembe baadaye.

Mkwe wa Watu
Nimerudi. Alikubali kuwa ni mashua. Ila akasema pini zote zitoke mbele ya macho yake, zihesabiwe, zitupwe chooni. Gundi nyeupe, wakuu. Ilikuwa mbichi. Nachomoa moja moja, mzee wa dua anahesabu kwa sauti, na mbao za omo zinafyatuka zote, moja ikamrukia mama mkwe ushungini. Kelele zake zilifika barabarani. Hadi leo akipiga simu anauliza kama "kile kitu" bado kipo.

Gundi Papo Hapo
Ungetumia supa glu.

Dada Msasa
Nakuchukia.

Mgeni Mpya 22
Samahanini, mimi bado sijaanza. Nimeipenda HMS Victory, ile meli ya vita ya Nelson, amirali wa Kiingereza, naambiwa ina mizinga 104. Kwa anayeanza inafaa?

Baharia Muscat
Hapana. Anza na mashua ndogo ya wazi, tabaka moja la mbao, bila milingoti mitatu. Kamba za Victory peke yake zitakumaliza.

Mama Zuhura
Nunua unayoipenda, mwanangu. Usiyoipenda utaiacha njiani.

Mwana wa Kilwa
Kwanza tuambie, mama mkwe wako anaishi mbali?