Kitabu Kimekwama kwa Mjomba

Grupu: UKOO WA BI MKUBWA ❤️

ALHAMISI

Zuu 07:12
Asalaam aleikum wanaukoo. Nakumbusha: Bibi haruhusiwi kusoma mpaka jicho lipone. Tulikubaliana kila mtu na sura yake. Unasoma kwa sauti, unatuma voisi, kitabu unampitishia anayefuata. Mjomba Haji, halafu Salma, halafu Omari. Kitabu ni kimoja tu.

Zuu 07:13
Mzimu wa Watu wa Kale. Kachagua mwenyewe.

Zuu 12:40
Mbona kimya? Tiki za buluu naziona.

Idi 12:58
Wengine tuko kazini Shangazi 😅

Mama Rahma 13:05
Achari ya embe ipo, kopo 5,000. Karibuni.

Zuu 13:06
Mama Rahma, si hapa.

Baba Twaha 13:20
Mimi niwekee kopo 2.

Salma 15:31
Shikamooni. Kitabu sijakiona. Leo naingia usiku, nikikipata kesho asubuhi narekodi kabla sijalala.

Zuu 15:40
Shikamoo Mjomba Haji. Voisi ya sura ya kwanza tumeipata, Bibi kairudia mara mbili. Kesho alfajiri bodaboda anapita kuchukua kitabu.

IJUMAA

Zuu 07:50
Mjomba? Bodaboda kasimama getini nusu saa, kaondoka na buku mbili yangu.

Idi 08:02
Babu Haji kawa Bwana Msa, yule mpelelezi wa kitabuni. Anamchunguza kwanza bodaboda 😂

Omari 08:15
Mjomba Haji na kitabu cha upelelezi? Si ndiye aliyekuwa akisema hivyo ni vitabu vya wasio na kazi?

Omari 08:17
Nyie wadogo hamjui. Mwaka wa foleni za sukari alinikuta uani na kitabu cha upelelezi, Siri ya Sifuri. Akakitumbukiza chooni, na bakora juu.

Zuu 08:18
Omari, tusianze.

Baba Twaha 08:25
Choo kile cha shimo? Basi mpelelezi alizama na kesi yake 😂😂

Mjomba Haji 14:10
Nimetoka msikitini. Kitabu kipo. Bado nakisoma.

Zuu 14:10
Mjomba, ulipewa sura moja!

Mjomba Haji 14:31
Nimekimaliza, sasa nakirudia. Msinicheke. Hadithi za upelelezi sizipendi na bado sizipendi. Mwandishi anamjua muuaji tangu mwanzo, halafu anatuzungusha kama muuza duka asiye na chenji. Lakini huyu Muhammed Said Abdulla kanikamata. Maiti imekutwa mzimuni, watu wameshikwa na hofu. Mimi nikangoja bastola na kukimbizana. Badala yake Bwana Msa anavuta kiko chake na kuuliza maswali, na rafiki yake Najum anashangaa pamoja na mimi. Na Kiswahili kile cha Unguja! Miaka yote nafundisha tenzi nikidhani kwenye upelelezi hakuna lugha.

Mjomba Haji 14:38
Tena mjue, mwandishi huyu kabla ya kuingia kwenye magazeti mwaka 1948 alikuwa bwana afya. Bwana afya anaingia uani kwa mtu, anachungulia kisima, anafunua mitungi. Polisi gani anazijua nyumba za watu hivyo? Kitabu kilishinda shindano la hadithi la 1957/58, kikachapwa 1960. Mimi naanza madrasa wakati huo. Leo ndiyo nakisoma.

Zuu 14:39
Mjomba, usimtaje muuaji! Bibi anawekewa voisi zote.

Idi 14:41
Muuaji ni Mama Rahma. Silaha: achari.

Mama Rahma 14:44
😂😂 zimebaki kopo 6

Omari 15:02
Siri ya Sifuri ni ya huyohuyo, Mjomba. Bwana Msa huyohuyo ndiye uliyemzamisha.

Salma 16:02
Kwa hiyo leo kitabu nakipata au nilale?

Simu ya Bibi 17:45
Ni mimi Mwanaidi, naandika anavyosema Bibi. Anasema: Haji, kitabu kile hakikuwa cha Omari. Kilikuwa changu. Nikikisoma kwa kibatari mkishalala, mchana nakificha uani kwa ajili yako, mwalimu. Nilibakiza kurasa chache. Mtoto akala bakora akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Mpaka leo mwisho wake siujui.

Idi 17:52
Eh.

Omari 20:36
Mimi nilijua ni cha Mama.

Mjomba Haji 21:20
Ujumbe huu umefutwa

Mjomba Haji 21:31
Dada, kesho nakuja. Kitabu nakuja nacho.

Zuu 21:33
Mjomba, ni zamu ya Salma! Ratiba ipo hapo juu. Na Siri ya Sifuri nani anajua inapatikana wapi? Omari, ulizia maduka ya vitabu huko. Idi nawe usijifanye huoni.

Mjomba Haji 21:40
Sura ya pili nitamsomea mimi. Na ya tatu.

Baba Twaha 21:58
Nije na achari?

Salma 23:50
Jamani, mimi nimeshabadilishana zamu kwa ajili ya hii sura.