Godoro la springi na lateksi: bega linakufa ganzi

Mlalaubavu: Wakuu, nimejipangia godoro: springi za vifuko (kila moja kwenye kifuko chake), juu lateksi (sponji ya mpira) ngumu sentimita 5, kisha laini sentimita 5. Nalala ubavu, nina kilo 68. Kiuno kiko sawa, bega ndilo linakufa ganzi. Niongeze laini nyingine?

FundiSindano: Usinunue kwanza. Kava lako linavutika? Lililoshonewa pamba nene hukaza kama ngoma, lateksi ikashindwa kubonyea. Livue, jaribu shuka tupu.

Mlalaubavu: Ni la pamba nene. Kumbe!

BiUsingizi: Ikishindikana, badili ile ngumu, weka ya wastani. Ukirundika laini, nyonga zitazama. Na gundi usiguse. Mimi nilibandika, kubandua tabaka likachanika.

Mlalaubavu: Jana nimelala bila kava. Ganzi imepungua, ila shuka linachomoka.