Mnaouza midundo ya MIDI bila ramani ya dramu, mnatuchezea akili

Wakuu, naomba niseme tu, nimeshiba.

Nimenunua kifurushi cha midundo ya MIDI (faili zisizo na sauti, zina namba za noti tu za kuiambia programu ya muziki igonge dramu ipi) kwa hela yangu halali (muuzaji simtaji, anajijua), na ramani, yaani orodha ya noti ipi inapiga dramu ipi, hakuna. Tangazo linasema buruta, weka, umemaliza. Nikaburuta, nikaweka. Kiki (dramu kubwa ya chini) haisikiki, haihati (matoazi mawili ya kugongana) imehamia kwenye konga, na palipotakiwa snea (dramu ndogo ya mlio mkali) inagonga kengele ya ng'ombe. Msanii wa singeli kakaa pembeni saa yake inahesabika, ananiuliza eti hiyo ndiyo intro?

Nafungua karatasi ya maelezo: "Kiki iko C1." C1 ya nani? Kila programu ya kutengenezea muziki inahesabu oktavu kivyake: kwenye Cubase, C1 ni noti namba 36. Kwenye Reaper, kama hujagusa mipangilio, hiyo hiyo 36 inaitwa C2. Ukienda FL Studio ni C3. Ukimfuata huyu bwana kwa herufi zake ukiwa FL, unatua noti ya 12, huko hakuna mtu. Namba za MIDI ni 0 hadi 127 kila mahali, hazina mjadala. Kuandika 36 badala ya C1 kuna gharama gani jamani?

Na si kwamba utaratibu haupo. General MIDI, mpangilio wa pamoja wa namba na sauti zake, ipo tangu 1991: chaneli ya 10 ni ya dramu, 36 kiki, 38 snea, 42 haihati iliyofungwa, 46 iliyo wazi, 49 toazi la kreshi, 51 toazi la raidi. Najua dramu za siku hizi zina haihati ya robo wazi, nusu wazi, snea ya ukingoni na mengine kibao, kwa hiyo mpangilio ule hautoshi. Sawa, uhame. Ila ukihama tuachie ramani!

Wauza ngoma za asili ndio kabisaaa. Orodha ya General MIDI inaanzia 35 hadi 81, na humo utakuta bongo, konga, timbale, agogo, hadi kuika ya Wabrazili. Msondo hakuna. Manyanga hakuna. Kayamba hakuna. Basi kila mtu anajipimia: huyu kayamba kaiweka 70 kwenye marakasi, yule 69 kwenye kabasa, mwingine kaitupa juu kabisa ya kinanda ambako kibodi yangu ndogo haifiki. Ukichanganya vifurushi viwili kwenye wimbo mmoja unapanga upya noti moja moja mpaka usiku wa manane.

Na nyie maprodyuza wenzangu mnaotumiana kazi, msijifiche nyuma ya muuzaji. Ukiwa na ramani kwenye Cubase, noti unayopiga (I-note) inaweza kutoka ikiwa noti nyingine kabisa (O-note), ndiyo maana kwako inalia safi. Ramani hiyo haisafiri ndani ya faili la MIDI. Kabla hujatoa faili, nenda menyu ya MIDI ufanye O-Note Conversion (inaandika noti zile zinazotoka kweli), au hifadhi ramani kama faili la .drm uitume pamoja. Wa Reaper, lile faili la majina ya noti ni maandishi tu: linaandika "snea" kwenye kinanda, halihamishi sauti hata moja. Mtu ananitumia hilo halafu ananiambia "mapu hiyo hapo kaka". Mapu gani?

Muuzaji nimemwandikia. Kajibu nikague mipangilio yangu. Nimemtaka alete orodha ya namba, noti kwa noti, au arudishe hela, tangu hapo kimya, ila matangazo anaendelea kurusha.

Mwenye .drm ya ngoma za kwetu aitupie hapa chini, na aandike ni ya kifurushi kipi. Wale wa "hamia FL mkuu" mpite kimya kimya, leo sina mood.