Tupeane uzoefu: mashine gani ya gemu ilitamba kuliko zote, na ipi iliangukia pua?

Wakuu, habari za wikiendi.

Jana nilikuwa nasafisha stoo kwa mama, Temeke, nikakutana na PlayStation yetu ya kwanza, ile ya kijivu. Imeviringishwa kwenye mfuko wa rambo, mifuko iliyopigwa marufuku tangu 2019, pamoja na memori kadi mbili. Mfuniko wake umechubuka wote, lakini tumbo ni safi kama jipya. Aliyekulia kwenye vibanda vya gemu ameshaelewa: ile mashine iliishi kichwa chini.

Kaka yangu alikuwa na kibanda, TV mbili za chogo, mechi shilingi 100, anayefungwa anampisha mwenzake. Mashine iliwashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa nne usiku, na CD zenyewe za kuchoma. Kwa matumizi hayo kile kitako cha plastiki kinachobeba lenzi kililika, lenzi ikainama, gemu ikawa inakwama katikati ya mechi. Kaka akaipindua. Lenzi ikarudi mahali pake na tukacheza Winning Eleven miaka mingine miwili. Baadaye sana nikaja kujua kwamba watoto wa Ulaya na Marekani walikuwa wanazipindua za kwao vilevile.

Basi nikasema tuliweke jambo hili mezani. Naanza na orodha yangu, nanyi mlete zenu na yaliyowakuta.

Waliotamba. Ya kwanza ni PS2, na hapo sihami. Ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, ikatengenezwa karibu miaka 13, zikauzwa zaidi ya milioni 155. Lakini hesabu hiyo haisemi ilivyoingia nyumbani kwetu. Mzee hakutaka kusikia habari za gemu sebuleni. Alichotaka ni deki ya DVD. Kaka akamwambia, hii nayo ni deki, ukiweka DVD inaonyesha. Mzee akatoa nusu ya hela. Japani kwenyewe wengi waliinunua kwa sababu hiyohiyo, maana siku zile deki nyingi za DVD zilikuwa ghali kuliko PS2. Tena CD za PlayStation ya zamani ilizisoma, kwa hiyo hukuanza kukusanya upya. Na lenzi ilipokufa, mafundi wakaja na memori kadi maalumu inayofungua gemu kutoka kwenye flashi. Mashine ambayo kiungo chake kikuu kimekufa na bado inaingiza hela, mimi sijaiona nyingine.

Ya pili Famicom ya Nintendo, ya 1983, ambayo Wamarekani waliipata kwa jina la NES. Milioni 61 na ushei. Ilikuta biashara ya gemu Marekani iko kaburini, na sitii chumvi: mwaka huohuo wa 1983 Atari walipeleka malori ya kaseti zilizokosa soko kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico, wakazifukia. Mwaka 2014 watu wakachimba na kuzikuta, zile za gemu ya E.T. zikiwemo.

Ya tatu Game Boy ya 1989. Skrini haina rangi, haina taa, lakini betri nne ndogo zilikupeleka siku kadhaa. Game Gear ya Sega ilikuja na rangi na mwanga, ikawa inakula betri sita kwa saa chache tu. Wazazi wakachagua.

Walioanguka. Virtual Boy ya Nintendo, 1995: unainamia miwani iliyosimama kwenye miguu ya mezani, kila kitu chekundu na cheusi, shingo na macho vinauma. Haikumaliza mwaka sokoni, ziliuzwa kama 770,000. Kinachoniumiza ni kwamba mbunifu wake, Gunpei Yokoi, ndiye yuleyule aliyetupa Game Boy.

Ila anguko kubwa kabisa kwangu ni la Sega, tena kama nyumba nzima. Walitoa 32X mwishoni mwa 1994, kidude cha kuchomeka juu ya mashine yao ya zamani. Miezi michache baadaye, Mei 1995, kwenye maonyesho ya gemu Marekani, wakaibuka na mashine mpya, Saturn, bila kuwaandaa wenye maduka, dola 399. Siku hiyohiyo, kwenye maonyesho hayohayo, mtu wa Sony, wenye PlayStation, akapanda jukwaani na kutamka neno moja la bei: 299. Mteja aliyenunua 32X Krismasi alijisikiaje? Dreamcast, mashine yao iliyofuata, ilipokuja, watu walishachoka kuamini.

Karibuni.

Kutoka Mombasa

Assalaam aleykum. Ndugu yangu, kwenye Saturn twakubaliana, lakini Dreamcast umeionea.

Ami yangu alikuwa akifanya kazi Dubai. Mwaka 2000 tukamwagiza PlayStation. Huko dukani akaambiwa chukua hii, ndiyo mpya zaidi, akatuletea Dreamcast. Tulipoiwasha na kuona Soulcalibur, gemu ya mapigano, wallahi nyumba nzima ilinyamaza. Mama alitoka jikoni akidhani ni filamu. Hapana PlayStation pale Kibokoni iliyokaribia picha ile.

Lakini baada ya wiki nikafahamu shida yetu. Watoto wa mtaa wote walikuwa wakiazimana CD. Huyu ana ya mpira, yule ana ya magari, jioni mwabadilishana. Mimi nilikuwa na diski tatu na hapana mtu wa kubadilishana naye kuanzia kwetu hadi Majengo. Wenzangu walikuja wakatazama, wakasifu, kisha wakarudi kucheza kwao. Mashine nzuri bila majirani ni upweke, na mimi niliujua upweke huo nikiwa na miaka 12.

Memori kadi yake ilikuwa na kiskrini kidogo, yaingia ndani ya padi. Betri zikiisha, kila ukiwasha yalia piii moja ndefu. Betri zile za duara hatukuzipata, basi kila jioni mlio ule ndio uliowaambia jirani kwamba nimerudi kutoka madrasa.

Mwezi wa Januari 2001 Sega wakatangaza kuwa wanaacha kuitengeneza, na Machi ikasimama. Milioni tisa tu. Mwenyekiti wao, mzee Isao Okawa, aliisamehe kampuni madeni aliyoidai na kuipa hisa zake, akafariki Machi hiyohiyo. Mimi siwezi kuliita jambo hilo aibu. Ninayo hadi leo, na yawaka.

Kutoka Mwanza

Mkuu, umeisahau Nintendo 64, na mimi nina kovu lake.

Shemeji alikuja likizo kutoka Marekani mwaka 1999 na zawadi yetu. Nilikuwa na haraka kuliko akili. Adapta yake imeandikwa 120V, sisi ukutani ni 230. Nikachomeka. Kilisikika kimlio kama cha njiti ya kiberiti, halafu harufu ya plastiki. Dakika haikuisha. Mdogo wangu alilia kama amefiwa.

Fundi mmoja wa redio akatuokoa. Akapima, akasema mashine yenyewe haijaguswa, kilichoungua ni adapta tu, na inahitaji njia mbili za umeme, volti 12 na volti 3.3. Akaunda boksi lake la mbao lenye transfoma ndani, zito kama tofali. Ikawaka! Ila picha ilikuja nyeusi na nyeupe, kwa sababu mfumo wa rangi wa Marekani ni NTSC na TV yetu ilikuwa ya PAL. Sasa mle ndani ya Super Mario 64 kuna kazi ya kukusanya sarafu nane nyekundu, na sarafu za kawaida ni za njano. Sisi tulizitambua kwa kuwa nyeusi kidogo kuliko zingine. Tulizimaliza zote hivyo. Miaka mingi baadaye nilipoiona gemu ile kwa rangi zake kwenye simu, niliisimamisha nikaitazama tu.

Kuhusu nafasi yake: ziliuzwa karibu milioni 33, na PlayStation ya kwanza milioni 102. Nintendo waling'ang'ania kaseti, ambazo ni ghali kutengeneza na nafasi yake ndogo, wakati CD moja inabeba gemu kubwa na inazalishwa kwa bei ya kutupa. Final Fantasy VII ya 1997 ilijaza CD tatu, na ikaenda Sony. Na wanaosema Sony walivamia wajue kwamba mwaka 1991 walikuwa wanatengeneza mashine pamoja na Nintendo. Sony wakaitangaza kwenye maonyesho ya Chicago, kesho yake Nintendo wakasimama palepale na kusema wameingia ubia na Philips. Ken Kutaragi wa Sony hakuikunja mikono, na hapo ndipo ilipotoka PlayStation. Kwa hiyo kwangu kosa kubwa kuliko yote halikuwa mashine, ni ile siku ya Chicago.

Kutoka Tabora

Mimi nataka kuitetea ile TV gemu ya Kichina yenye kaseti ya njano, maana bila hiyo wengi wetu Famicom tungeisikia redioni. Zile zilikuwa nakala zake, na hazimo kwenye hiyo milioni 61. Kaseti imeandikwa gemu 9,999,999, ukizipitia ni kumi na kitu zinazojirudia kwa majina tofauti. Hatukulalamika. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa bingwa wa Contra, anacheza kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na hakuna mvulana aliyemfikia.

Kaseti ikigoma tulikuwa tunaipuliza. Kumbe pumzi yenye unyevu inaleta kutu kwenye zile pini, na kilichosaidia ni kuichomoa na kuirudisha tu.

Kutoka Leicester, Uingereza

Habari zenu ndugu zangu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Nilipoanza mwaka 2008 nilikuta Wii ya Nintendo ukumbini, ile unayocheza kwa kurusha mkono ulioshika rimoti, na Jumatano jioni mabibi na mababu wa miaka 80 wanacheza boling. Alikuwapo bibi mmoja ambaye mkono wa kulia ulishapooza. Alijifunza kurusha kwa wa kushoto, na pini zikianguka zote alikuwa ananigeukia kwanza mimi kabla ya kutazama matokeo. Kwa hiyo mtu akiniambia Wii ilikuwa dhaifu kuliko PS3 na Xbox 360, namwambia ni kweli, na ziliuzwa zaidi ya milioni 101. Iliwafikia watu ambao hakuna aliyekuwa anawafikiria.

Wii U ya 2012 ndiyo sikuielewa. Mwanangu aliomba hiyo, mimi nikaenda dukani nikijua ni ile skrini ya kuongezea kwenye Wii yetu. Wengi walidhani hivyo, jina lenyewe liliwachanganya. Milioni 13 na nusu, basi. Lakini wazo la kushika skrini mkononi hawakulitupa, mwaka 2017 wakaja na Switch, nayo imepita milioni 150.

Kutoka Nairobi

Swali kwa wote: Xbox 360 mnaiweka wapi? Sikuwahi kuwa nayo, nauliza kwa nia njema. Zile taa nyekundu za kuonyesha hitilafu zilikuwa habari dunia nzima, na Julai 2007 Microsoft wenyewe wakaongeza dhamana kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo. Na bado ziliuzwa kama milioni 84. Mimi naiweka upande wa waliotamba, kwa sababu walilipa.

Kutoka Kariakoo

Nimetengeneza simu miaka ishirini, acha niseme la N-Gage ya Nokia, 2003. Simu na gemu kwa pamoja. Kubadilisha gemu lazima ufungue mfuniko wa nyuma na kutoa betri, kadi inakaa chini yake. Na kuongea unaisimamisha kwa ubavu sikioni. Waliotengeneza Nokia zote zile imara, hapa walimsahau mtumiaji. Naipa nafasi ya pili kwa kuanguka.

Mwanzilishi

Wakuu, nimesoma yote na nimesogeza vitu. Wii naiingiza nafasi ya tatu, Game Boy inashuka ya nne, na hilo nimelifanya kwa ajili ya yule bibi. Xbox 360 nakubaliana na Nairobi. Hoja ya Chicago sikuwahi kuifikiria hivyo, bado naitafakari.

Ndugu wa Mombasa, Dreamcast naitoa kwenye orodha ya walioanguka. Sega wanabaki, kwa 32X na Saturn, yenyewe inatoka. Na memori kadi yako inatumia betri mbili za CR2032, zilezile za rimoti za magari, siku hizi zipo madukani kote. Ukiziweka ule mlio utaacha. Mimi ningekuwa wewe ningeurekodi kwanza.