Mgeta, milimani Morogoro, robo tatu ya ekari: mtamba mmoja au mbuzi wa maziwa watatu?

Mleta mada: Wakuu, hela niliyonayo inatosha mtamba mmoja wa maziwa (ng'ombe jike ambaye hajazaa bado) au mbuzi watatu wenye mimba. Shamba ni la mteremko, majani ya malisho, matete na guatemala, nimepanda kingo za matuta, nakata mwenyewe na kubeba kichwani. Nyumbani tuko watano. Nishaurini.

Mzee wa Zizi: Chukua mtamba. Mbuzi wa lita mbili ni wa chai tu. Tena maziwa yake yananuka beberu.

Mama Pacha: Yananuka kwa nani? Maziwa hunuka beberu akilala na majike. Mimi wangu yuko banda la peke yake. Naosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, napangusa kwa kitambaa safi, michirizi ya kwanza naitupa, nachuja papo hapo. Njoo unywe.

Mzee wa Zizi: Nilikunywa kwa shemeji yangu, nikatapika. Usinifundishe mdomo wangu.

Mama Pacha: Basi mwambie shemeji yako atenge beberu. Usituharibie soko sisi tunaolipia ada kwa maziwa haya.

Kijana wa Nyandira: Mleta mada yuko Mgeta, na huku mbuzi wa Kinorwe waliletwa na Chuo cha Sokoine tangu miaka ya 1980. Tumekua tukiyanywa. Mzee, umewahi kupandisha mzigo wa majani ya ng'ombe mlima huu? Anamaliza mizigo miwili, mitatu kwa siku.

Mzee wa Zizi: Uvivu huo.

Nilifilisika Kilosa: Si uvivu. Mtamba wangu alivimba tezi chini ya sikio, homa, akahema kwa shida, akafa. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe. Mimba ya miezi saba ikaenda naye, na mkopo nikaendelea kulipa. Mbuzi hapati ndigana hiyo, mimba yake ni miezi mitano, na akifa mmoja wawili wanabaki.

Daktari Mifugo: Pole sana, ndugu. Ila mbuzi naye ana minyoo na homa ya mapafu. Banda liinuliwe, sakafu ya mbao yenye nafasi, kinyesi kidondoke chini.

Bibi Harusi 2: Na mtoto anayedhuriwa na maziwa ya ng'ombe, apewe ya mbuzi.

Daktari Mifugo: Hapana, mama! Protini zake zinafanana, wengi hudhurika na yote mawili. Mchanga chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu. Na maziwa yoyote yachemshwe.

Bibi Harusi 2: Mama yangu alitulea nayo. Unamwita muuaji?

Daktari Mifugo: Sikusema hivyo. Nasema mtoto apelekwe kliniki.

Mleta mada: Jamani, huku jioni upepo unashuka kutoka mlimani. Banda la beberu nilijenge chini ya lile la majike, siyo?

Mama Pacha: Chini, na mbali kadiri shamba linavyoruhusu.